Mwaka Huu Sikumlipa Mtani Kuku

Mikumi,
19 Novemba, 1972.

Kaka yangu Theodory,

Shikamoo. Kabla sijaingia kwenye mengine nikuulize kwanza mgongo wako, ule uliokulaza masika yaliyopita. Umepona, au bado unaunyoosha kwa dawa za yule mganga wa Tabora ambaye hata yeye mwenyewe anatembea kwa fimbo? Wifi Regina hajambo? Watoto wanasoma? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Ida anafundisha, mimi niko jikoni kama unavyonijua, vuli imeanza kwa kusuasua, na tembo wa mbugani wameingia tena kwenye migomba yangu utadhani niliipanda kwa niaba yao. Nilipokwenda kulalamika kwa bwana nyama, akaniambia tembo ni mali ya taifa. Nikamwuliza migomba ni mali ya nani, akacheka. Basi, hayo ndiyo maisha yetu.

Najua ukiona bahasha nene hivi utashtuka udhani kuna msiba. Hakuna aliyekufa. Waliokufa ni walewale, ila wamebadilishana nafasi, na mimi tangu siku ile chakula nakitia chumvi mara mbili nikisahau kama nimekwisha kutia. Wateja wamenivumilia. Kwa hiyo tafuta kiti, kaka, uisome peke yako kwanza, halafu ndipo umsomee wifi.

Nianze na jambo ambalo nilikuandikia nusu nusu mwezi wa tano, kwamba Ida ameposwa nami nimekataa. Sikukuambia aliyeleta posa. Kijana ni Damiano, Bwana Shamba wa kile kijiji cha Ujamaa walichofungua upande wa Rudewa. Kijana mwenyewe hana kasoro, mikono yake ina sugu japokuwa ana cheti. Lakini ni mpwa wa Marko. Ndiyo, Marko yuleyule, ambaye siku hizi ni gadi wa treni ya Kidatu. Kama mjomba wa kijana, ilimpasa aje mwenyewe. Alikuja na kofia yake ya ugadi mkononi, akakaa kwenye benchi la wateja kama mtu anayengoja chai, akasema ametumwa na dada yake. Nikamwuliza kama amesahau. Akasema hajasahau hata siku moja, lakini vijana hawakuulizana ukoo walipopendana, na siku hizi hata redio inasema sote ni ndugu. Nikamjibu kwamba mwaka 1949 mimi na yeye tulikuwa ndugu pia, ndiyo maana tulikatazwa.

Alikunywa chai, akaaga.

Wewe ulikuwa umekwisha kwenda Tabora mwaka ule, hukuyaona. Mimi ndiye niliyeitwa mbele ya wazee wa ukoo nikiwa na miaka kumi na minane, nikaambiwa Marko ni wa ukoo wetu, ingawa wa mlango mwingine, na damu moja haiposani. Nikapewa marehemu baba yake Ida, mtu mwema, simsemi vibaya. Lakini mwezi wa tano, nilipopanda Mamboya kumwuliza Mjomba Yohana habari za Ida, naye akanijibu neno lilelile, damu moja haiposani, nilishuka mlimani nikamwambia mwanangu maneno niliyoambiwa mimi, kwa sauti ileile. Ida hakulia. Alikaa miezi mitano ananiamkia asubuhi na jioni, shikamoo mama, na zaidi ya hapo hana neno. Kisha mwezi wa kumi ulipoanza akanieleza, kwa adabu zote, kwamba Damiano amepewa uhamisho wa Sumbawanga, anaondoka Januari, na kwamba yeye atapanda basi pamoja naye, kwa ndoa au bila ndoa. Ukoo ukiwa na neno, akasema, ukamtafute Sumbawanga.

Hapo ndipo nilipokuwa, kaka, nimekwama kama gari kwenye tope la Mkata, alipotokea Mzungu.

Aliletwa kwa Landrova ya kukodi, mzee wa miaka sitini na kitu, mwekundu kama nyanya, na dereva wake Mnyakyusa mmoja aitwaye Lupakisyo, mtu wa maneno mengi. Walikuwa wamezunguka Kilosa mjini wakiulizia Mdachi aliyekuwa na shamba la mkonge Rudewa kabla ya vita vya kwanza, aitwaye Keller. Na pale ofisi ya wilaya, kaka, bila hata kufikiri, wakaambiwa waende Mikumi kwa Mama Ida mwenye hoteli, yule mjukuu wa Mdachi. Miaka kumi na mitatu nakaanga maandazi kwenye njia hii, nilianza na sufuria moja wakati wanajenga reli, leo nina hoteli na mashine ya kusaga, kamati inaniita kabaila, lakini wilaya nzima bado inanijua kwa pua ya babu yangu.

Mzungu akajitambulisha. Jina lake Emili, mwalimu mstaafu, na huyo Josefu Keller alikuwa ndugu wa bibi yake. Sasa unanijua. Nilikuwa nimeweka maneno yangu tayari tangu utoto, yakimngoja yeyote wa nyumba ile atakayejitokeza. Nikayatoa yote. Nikamwuliza ni mtu gani anamzalisha mpishi wake, anakaa na mtoto nyumba moja miaka mitano, halafu vita vikija anaondoka bila kuacha hata anwani. Nikamweleza jinsi Mama alivyochekwa shuleni kwa nywele zake, na jinsi mpishi huyo, Bibi Agnesi, alivyoonyeshwa kidole mpaka anazeeka. Lupakisyo alinitazama akauliza, “Mama, haya yote nimfasirie, au nichague?” Nikamwambia asipunguze hata moja.

Mzee yule alisikiliza, akavua miwani. Akasema hakujua kama tupo. Hakuja kwa ajili yetu, kaka! Hilo peke yake lilinichoma. Alikuja kutafuta kaburi. Josefu alikuja nchi hii na mdogo wake wa kike, na huyo dada alifariki kwa homa Rudewa, na kwao hakuna aliyejua alizikwa wapi. Mama yake Emili alipokaribia kufa alimwapisha aje amtafute. Josefu mwenyewe alirudi kwao baada ya vita, hakuoa, akaishi chumba cha juu kwenye nyumba ya dada mwingine mpaka uzee wake. Kila mwaka siku moja ya masika aliwasha mishumaa miwili. Mmoja walijua ni wa marehemu dada yake. Wa pili, walipomwuliza, alitoka chumbani.

Nikamwuliza huko kwao ni Ujerumani sehemu gani. Akacheka kidogo, cheko la kwanza siku ile, akasema hilo swali kwao watu wamepigana nalo vita vitatu. Jimbo linaitwa Alsasi, liko mpakani, mto mmoja tu unawatenga na Wajerumani. Mama yake Josefu alizaliwa Mfaransa, akaolewa akiwa Mjerumani, akazeeka Mfaransa tena, na hakuhama jiko lake hata mara moja. Josefu aliondoka kijijini Mjerumani, akarudi kijiji kilekile, kengele ya kanisa ileile, akaambiwa yeye sasa ni Mfaransa. Lupakisyo akasema, “Sisi huku watu ndio wanaohamishwa, nchi inabaki. Hawa wenzetu nchi ndiyo inayohama.” Nami nikapiga hesabu yangu. Nimezaliwa chini ya Mwingereza, nikafungua hoteli chini ya bendera ya Tanganyika inayokaribia uhuru, leo ni Tanzania, na sijatoka wilaya ya Kilosa. Basi nikamwongezea Mzungu andazi.

Akaniuliza jina la Mama. Nikamwambia Odilia. Kaka, yule mtu aliweka kikombe mezani taratibu kama kimejaa moto. Akasema Odilia ni mtakatifu wa mlima wa kwao kabisa, na dada yake Josefu, yule anayetafutiwa kaburi, aliitwa hivyohivyo. Tukatazamana. Tangu utoto tunasikia watu wakishangaa jina la Mama, kwamba Mamboya nzima yenye akina Raheli na Magreti, yeye peke yake amepewa jina la Kikatoliki. Mimi na Emili tukakubaliana kwamba Josefu alimpa binti yake jina la marehemu dada yake. Hesabu ikakaa vizuri. Palikuwa na kidoa kimoja tu. Mama alikuwa akisema alizaliwa masika yale yaliyobomoa daraja la Rudewa, na Emili akasema huyo dada alikufa masika, daraja limebomoka, wakashindwa hata kumfikisha hospitali. Mtu azike dada na apate mtoto ndani ya mvua moja? Nikajiambia hutokea.

Nikamweleza pia, maana aliniuliza kama tunatumia jina la Keller, kwamba kwetu ukoo ni wa mama. Mtoto ni wa tumbo lililomzaa. Baba hata awe nani, Mzungu, Mwarabu, mtoto anafuata ukoo wa mama yake, analima ardhi ya ukoo huo, anazikwa nao, na mjomba akichoka, mpwa ndiye anayekalia kigoda chake. Nikamwambia kwa kujivuna kabisa kwamba kaka yangu wa Tabora ndiye atakayekalia cha Mjomba Yohana Krismasi hii. Nilikuwa nasema kwa kinywa hiki, Theodory. Nikamwambia kwamba Keller kwetu ni kama mvua tu, ilinyesha ikapita, shamba ni la Bibi Agnesi.

Kesho yake nikafunga hoteli, nikamwachia Ida funguo, tukaenda Rudewa. Tulizunguka mkonge mpaka tukaona makaburi ya Wazungu, misalaba mitatu, hakuna hata mmoja wa mwanamke. Emili alipangusa kila jiwe kwa leso. Lupakisyo akasema tukawaulize waliochimba, si waliozikwa. Hapo nikamkumbuka mtani wetu, Bibi Mwamvua wa Kimamba. Unajua jinsi Wazigua wale walivyo watani wa ukoo wetu tangu enzi, kila msiba wetu wao ndio wanaochimba na kufukia, na baba yake Mwamvua alikuwa akiitwa Rudewa kote.

Nisimame hapa kidogo nikukumbushe maziko ya Mama, maana uliwahi siku ile kwa treni ya asubuhi. Unakumbuka kaburi lilipokwisha kuchimbwa, Mwamvua alishuka akalala ndani, akajifunika kanga, akakataa kutoka? Unakumbuka alivyopiga kelele kwamba huyu maiti si pake hapa, mrudisheni kwenye meli, bibi yenu alikuja na viatu vya kamba, hajui kutwanga, anaogopa jongoo, nyie mmeokotwa hamna ukoo? Watu walicheka na machozi yakiwatoka. Wewe mwenyewe ulishika mti. Mjomba Yohana akasema haraka haraka apewe kuku wake atoke, tukampa kuku, akatoka, tukazika. Na hivyo ndivyo alivyofanya kwenye msiba wa Bibi Agnesi, na kila mwaka tukifagia makaburi. Viatu vya kamba, jongoo, kuku, tunacheka. Utani hauna kesi, nani atauchunguza?

Tukamkuta Kimamba anapeta mchele. Amezeeka, lakini ulimi haujazeeka. Alipomwona Emili akashusha ungo, akasema, “Haa! Mtani mwekundu! Mmekuja kumchukua mwenzenu? Amelala kwa watu miaka sitini na moja bila kulipa kodi!” Lupakisyo akacheka, akamfasiria. Nikamwambia, bibi, leo si utani, tunatafuta kaburi la yule Mzungu wa kike wa Rudewa. Akanitazama, kaka, mpaka nikaona haya sijui ya nini. Akasema, “Costancia, wewe unayejua hesabu. Mnamtafuta Rudewa, na kaburi lake unalifagia wewe mwenyewe kila vuli?”

Akaingia kwenye Landrova bila kuombwa, akakaa mbele.

Tulipanda Mamboya. Njia nzima hakutania mtu. Akatupeleka moja kwa moja kwenye makaburi ya ukoo, akapita la Bibi Agnesi, akapita la Mama, akasimama penye lile rundo la mawe pembeni ya Mama. Kaburi la Mgeni. Lile tuliloambiwa ni la msafiri aliyefia njiani zamani za misafara, tulifagie tusiulize. Lile ambalo Mama alikuwa akianza nalo kila mwaka kabla ya makaburi mengine, na tukimwuliza kwa nini anasema mgeni huhudumiwa kwanza. Mwamvua akasema ni hapa. Baba yake ndiye aliyechimba, na yeye, binti mdogo wakati ule, alibeba vile viatu vya kamba kichwani kutoka Rudewa, kwa sababu marehemu alizikwa miguu mitupu kama mwanamke wa hapa.

Emili akauliza, kupitia Lupakisyo, kwa nini dada wa Mdachi azikwe na ukoo wa Waafrika juu ya mlima. Mwamvua akamjibu huku ananitazama mimi. Akasema watani hawaitwi kumzika mtu asiye wa nyumba. Waliitwa kwa sababu ukoo ulimhesabu kuwa mke wa kijana wao, Petro, mnyapara wa Rudewa, ndugu wa Agnesi. Alikufa akijifungua. Agnesi hakuwahi kuzaa maisha yake yote. Na mtoto aliyetoka kwenye lile tumbo alikuwa msichana mweupe, akaitwa jina la mama yake.

Theodory, nilikaa chini kwenye majani mabichi. Nilisikia Lupakisyo akianza kufasiri, akakatika katikati, akasema, “Mama, hili nimfasirie kweli?”

Wakati huohuo Mjomba Yohana alikuwa anatoka shambani, jembe begani, amesikia mlio wa gari. Nikaamka nikamwamkia, shikamoo mjomba, akaitikia marahaba, akaona tumesimama wapi, akashusha jembe. Sikumpa nafasi ya kunawa. Nikamwuliza kama ni kweli.

Hakukana. Alisema alikuwa na miaka minane, anakumbuka mvua. Josefu alikuja mwenyewe usiku ule kwa miguu, maana daraja halipo, akasema dada yake amekufa, na kwamba Wazungu wenzake wakijua amezaa na mnyapara, Petro atanyongwa na jina la marehemu litatupwa. Afadhali wamseme yeye amezaa na mpishi, hilo kwao hucheka tu wakaendelea kunywa. Agnesi akakubali kubeba aibu, maana alitaka mtoto. Wazee wakakubali, maana nyumba ile haikuwa na binti, na nyumba isiyo na binti kwetu imekwisha. Mama yake Mjomba alikuwa ananyonyesha, akamweka mtoto titi la pili. Petro alikaa akiitwa mjomba na binti yake mwenyewe mpaka alipochukuliwa kubeba mizigo ya vita, hakurudi.

Ndipo Mjomba akaninyooshea kidole, akasema kwa ukali, “Alinyonya ziwa moja na mdogo wangu. Nani atamtoa kwenye ukoo? Wewe? Maziwa si damu iliyochujwa?” Na nikwambie ukweli, kaka, niliona kwamba hakunidanganya kwa ubaya. Kwa miaka yote ile alikuwa anaamini anachokisema.

Lakini mimi akili ilikuwa imekwisha kwenda kwingine. Unajua ilikokwenda. Nikasema, Mjomba, kama mama wa Mama ni huyu hapa chini ya mawe, basi Mama hakuwa wa ukoo wenu, alikuwa amezaliwa nao tu, upande wa baba. Na mimi hivyohivyo. Na mwaka 1949 ulikaa kwenye kigoda, ukiwa unajua, ukaniambia mimi na Marko damu moja haiposani.

Mjomba akatazama jembe lake.

Emili naye alikuwa amepiga magoti. Akatoa mishumaa miwili mfukoni. Alisema alibeba miwili kwa sababu Josefu aliwasha miwili, hakujua sababu. Mmoja akauchomeka kwenye mawe ya Mgeni. Wa pili akabaki ameushika, akaniuliza Mama yuko wapi. Nikamwonyesha, ni hapo hapo, mkono mmoja tu kutoka kwa mama yake. Akanipa mimi nichomeke. Upepo uliuzima mara mbili, Mwamvua akaukinga na kanga.

Kwa hiyo Mama alijua? Nimejiuliza swali hilo wiki nne sasa. Alianza na lile kaburi kila mwaka. Nadhani alijua, kaka. Na alikaa kimya siku ile naitwa mbele ya wazee, ameketi nyuma na wanawake, ameinamisha kichwa. Nilidhani ni aibu kwa ajili yangu. Bado sijamsamehe na bado namlilia, vyote kwa pamoja, jikoni, watu wakidhani ni vitunguu.

Emili aliondoka akiwa amenishika mikono yote miwili, ananiita binamu. Nimempa mawe mawili ya pale kaburini, akayafunga kwenye leso.

Mjomba alinisindikiza mpaka barabarani. Akaniambia nifikiri vizuri. Nikilitangaza hili, Ida ataolewa na Damiano, hakuna atakayezuia. Lakini siwezi kuwa nje ya ukoo kwa ajili ya harusi na ndani ya ukoo kwa ajili ya ardhi. Shamba langu la maharage pale juu litaulizwa. Siku yangu ya kufa itaulizwa nizikwe wapi. Na kigoda cha Theodory kitakwisha kabla hajakikalia. Akasema ninyamaze tu, Ida ni mtoto, atasahau. Nikamwuliza kama anafikiri mimi nilisahau.

Sasa nafika pale ambapo ningependa uwe umekaa.

Ilipasa nikungoje. Ilipasa nikuandikie kwanza, wewe ndiye mkubwa, kigoda ni chako. Lakini Jumamosi iliyopita ndiyo ilikuwa siku ya kufagia makaburi, na ukoo wote ulipanda, hata Marko na dada yake na Damiano, maana kwao pia ni kwao. Ida nilikwenda naye. Nilibeba kuku wa Mwamvua chini ya kwapa, kwa sababu mwaka huu zamu ilikuwa ya nyumba yetu. Tukafagia. Mwamvua akaanza yake, akalala juu ya kaburi la Mama, akapiga kelele, mmeokotwa nyie, hamna ukoo, bibi yenu alikuja na viatu vya kamba! Watu wakacheka. Mjomba Yohana akasema haraka, kama kawaida yake, Costancia, mpe kuku wake anyamaze.

Sikumpa.

Nilisimama na yule kuku. Cheko likapungua, likabaki la watoto, nalo likaisha. Mjomba akarudia, mpe kuku. Nikasema, “Kuku analipwa kwa utani, Mjomba. Leo mtani hajatania.” Mwamvua akaketi, akajifunga kanga vizuri, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ambayo nadhani hakuna hata mmoja pale aliyewahi kuisikia kwake, kwamba ni kweli, na yeye amechoka kula kuku kwa ajili ya kusema kweli. Kisha akaeleza tena yote, na watu wakamsikiliza kama mara ya kwanza, ingawa nusu yake walikuwa wameicheka maisha yao yote.

Ida alinishika mkono. Ni mara ya kwanza tangu mwezi wa tano.

Marko alikuwa amesimama upande wa pili wa makaburi, kofia kichwani. Akaivua. Alinitazama muda, nami nikamtazama, na sitakuandikia nilichokiona usoni mwake, maana ana mke na ni mtu wa heshima. Kisha akakohoa, akamgeukia Mjomba Yohana, akasema kwamba yeye kama mjomba wa Damiano analeta posa tena, mbele ya wote, kwa binti wa mama asiye wa ukoo wao, kama kuna mwenye neno aseme. Hakuna aliyesema. Ndoa ni tarehe 30 Desemba, kanisani Mamboya.

Mjomba Yohana amekaa siku mbili bila kuzungumza na mtu. Juzi ametuma ujumbe kwa mtu wa basi, kwamba kigoda hatampa mtu mwingine mpaka Theodory aje aseme kwa kinywa chake yeye ni wa maziwa au wa damu. Kwa hiyo, kaka, bado una la kujibu. Mimi langu nimekwisha kulijibu, na nimekuponza bila kukuuliza. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, una haki. Ila njoo. Mjomba wa Ida ni wewe, na ukoo uwepo usiwepo, siwezi kumtoa mwanangu bila mjomba wake. Kiti cha mbele hotelini nimekuwekea, kile cha mkono.

Nisalimie sana wifi Regina, mwambie vitenge vya harusi nitanunua mimi, asihangaike. Nisalimie watoto mmoja mmoja, na wakiuliza sisi ni watu wa wapi, waambie wangoje baba yao amalize kufikiri. Ida anakuamkia. Mwamvua naye alinituma nikusalimie, anasema mtani wake wa Tabora asijidai, pua ni ileile.

Yule kuku nilirudi naye Mikumi. Ameanza kutaga.

Mdogo wako,

Costancia,
binti wa Odilia, mjukuu wa Odilia.